Khutuba ya Ijumaa: Lundo la Mahindi na Picha Yake

KHUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeitandaza ardhi, Akateremsha maji kutoka mawinguni, na kwa maji hayo Akaotesha kila namna ya mimea. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga Kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu! Najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, shambani na sokoni, kama mnavyomcha hapa msikitini.

Ndugu zangu mliohudhuria hapa Chitete, nanyi mnaotusikiliza majumbani, wakati huu mvua zilizoanza Novemba zimekwisha, mahindi yamevunwa, maharage yamepigwa, ufuta umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Ni wakati wa furaha. Na siku hizi furaha hii ina jambo jipya ambalo babu zetu hawakulijua. Mtu akimaliza kujaza gunia la mwisho, kabla hata hajafuta jasho, hutoa simu mfukoni akapiga picha. Picha huenda kwa ndugu aliye Dar es Salaam, au kwa mnunuzi aliye Tunduma, au huwekwa mahali ambapo watu wasiojulikana huitazama. Leo nataka tuizungumze picha hiyo, kwa maana imeingia katika kilimo chetu na katika biashara yetu, na kila kiingiacho katika maisha ya Muislamu kina hukumu yake.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili asije mtu akadhani kwamba nasema juu ya jirani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na magunia kumi na mawili ya maharage. Mvua ya mwisho ilichelewa kukatika, na sehemu ya maharage yale ilinyeshewa yakiwa bado uwanjani. Niliyaanika, lakini hayakurudi kuwa kama yalivyokuwa. Nikayachanganya. Yale mazuri nikayaweka juu, nikasubiri jua la alasiri linalofanya kila kitu king'ae, nikapiga picha, nikaipeleka kwa mnunuzi mmoja wa Tunduma. Sikuandika neno la uongo hata moja. Niliandika bei tu. Naye akaridhika, akatuma malipo ya awali, na baada ya siku mbili akaja na gari. Akachukua bambo lake, akalichoma katikati ya gunia la kwanza, akamimina kiganjani. Yakatoka maharage meusi yenye harufu. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Shehe, mimi nililipia picha. Mali yenyewe iko wapi?"

Nilimrudishia fedha zake, na baadaye nikamlipa nusu ya mafuta ya gari. Nusu ya pili hakuitaka. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa nikiwasomesha vijana katika madrasa hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akakuta lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata unyevu. Akamwuliza mwenye mali ni nini hiki. Yule akajibu kwamba mvua iliipata. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyonyesha juu ili watu waione, kisha akatamka neno zito la kumtenga mdanganyifu na umma wake. Ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira.

Tazameni, ndugu zangu, yule mwuza nafaka hakusema uongo kwa ulimi. Lundo lake ndilo lililosema. Na picha yangu ilikuwa lundo lile lile, isipokuwa mnunuzi wangu alikuwa mbali na hakuweza kutia mkono. Basi mtu anayeuza kwa picha ana amana kubwa kuliko anayeuza mbele ya macho, kwa kuwa mkono wa mwenziwe umefungwa. Akiwa na punje zilizooza, azipige picha nazo. Ikiwa gunia moja lilinyeshewa, aliseme gunia hilo. Na asitumie picha ya mavuno ya mwaka jana kuuza ya mwaka huu, jambo ambalo wengine hulifanya na kuliita ujanja wa biashara.

Wala nisiwaache wanunuzi wakitabasamu. Wapo wao wanaokuja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, wakalihesabu kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu imekataza, na kabla yake Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima iitwayo Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wale wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao.

Enyi Waislamu! Huenda mmoja wenu akauliza, je, hii picha yenyewe inajuzu? Swali hili si geni. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa kuchora alimjia Ibn Abbas (r.a.), naye baada ya kumsomea onyo la Mtume (s.a.w.) kuhusu wachoraji, akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi basi achore miti na vitu visivyo na roho. Na ilipokuja kamera, wanavyuoni walihitalifiana juu ya picha za watu. Shekhe Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, alisema kwamba kamera hukizuia kivuli tu wala haiumbi. Wengine hawakukubali, na hitilafu hiyo ina adabu zake. Lakini jani la mhindi, ua la alizeti na suke la ulezi si mahali pa hitilafu hiyo. Picha ya mmea ni halali. Linalobaki ni nia yake na ukweli wake.

Na manufaa yake ni makubwa. Mwaka 2016 katika Afrika ya Magharibi alionekana mdudu aliyetoka bara la Amerika, naye ni kiwavijeshi vamizi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia nchini mwetu, na hakuna mkulima wa mahindi wa Momba asiyemjua. Nondo wake huruka usiku na hutaga mayai kwenye majani. Kiwavi mchanga hukwangua jani likabaki na vijidirisha vyeupe, kisha huingia katika moyo wa mhindi, akala akiwa humo ndani, na kinyesi chake huonekana kama unga wa msumeno. Akiwa mkubwa, ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba. Mkulima anayelikagua shamba mara mbili kwa juma humkuta angali mdogo, akayaponda mayai kwa vidole. Anayengoja mpaka shamba zima lichanike hupoteza dawa na fedha, kwani kiwavi aliyejificha ndani ya moyo wa mhindi dawa haimfikii.

Hapa ndipo picha inapokuwa msaada. Afisa ugani ni mmoja na vijiji ni vingi. Mama aliyeko mbali hawezi kumleta, lakini anaweza kumpelekea jani. Na wako wataalamu waliokwenda mbele zaidi. Mwaka 2017 walitangaza kazi yao waliyoifanya kwa picha zaidi ya 2,000 za majani ya mihogo zilizopigwa katika pwani ya Tanzania, wakaifundisha mashine kuyatambua maradhi. Kutokana na kazi hiyo ilitokea programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Hulielekeza simu kwenye jani nayo hukuambia inachodhani, hata pasipo mtandao, na kwa Kiswahili. Nasema inachodhani, kwa sababu mashine hukosea, na jibu lake ni la kupelekwa kwa mwenye elimu kabla ya kununua dawa.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya dunia yasiyostahiki mimbari. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakichavusha mitende kwa mikono. Akadhani pengine haina haja, nao wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, aliwajulisha kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Haya yamo katika Sahihi Muslim. Mbora wa viumbe hakuona haya kuuachia ujuzi wa shamba wenye shamba. Sisi tunaona haya gani kumwuliza afisa ugani kijana?

Basi, anayepiga picha ili aulize, na aipige kwa uaminifu. Apige shamba lote kwanza, kisha mmea mzima, kisha jani upande wa juu na upande wa chini, kwa kuwa wadudu wengi hujificha chini. Aweke sarafu au kijiti cha kibiriti karibu, ili anayetazama ajue ukubwa. Apige asubuhi kabla ya jua kali, wala asichague jani moja lililo baya kupita yote akaacha mengine mazima, kwa sababu mganga aliyedanganywa hutoa dawa ya uongo. Aseme mbegu gani, alipanda lini, alitia mbolea gani. Wanafunzi wetu wanaokaa na simu usiku kucha wangeifanya kazi hii kwa ajili ya wazazi wao, ingekuwa ibada nzuri.

Hata hivyo picha ina mpaka. Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Storey, katika kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliandika juu ya ugonjwa wa muhogo unaoitwa michirizi ya kahawia. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba shina linaweza kusimama na majani yasiyotisha, mkulima akapita akamshukuru Mungu, kumbe mizizi chini imeoza. Ukikata muhogo ndipo unapouona. Picha ya juu ya ardhi isingemwambia kitu.

Na mahindi nayo yana siri ya namna hiyo. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu zaidi ya 60 waliugua na karibu 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka. Katika unga haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo yule anayeanika mahindi chini ya udongo, akayafunga yangali mabichi ili awahi bei, akapiga picha ya magunia meupe yaliyopangwa vizuri, huenda anamuuzia mwenziwe mauti naye hajui. Anikeni juu ya turubai au jukwaa. Wataalamu wanasema unyevu usizidi asilimia 13.5. Na asiye na kipimo, achukue chupa kavu, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise, aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yangali na maji. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi mia.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Enyi Waislamu! Katika Suratul Kahf, ambayo wengi wenu mmeisoma leo asubuhi, kuna kisa cha mtu mwenye bustani mbili za mizabibu zilizozungushiwa mitende, na katikati yake mashamba na mto. Akaingia bustanini mwake akijifakhiri kwa mwenziwe kuwa ana mali nyingi na watu wengi, akasema hadhani kwamba bustani ile itaangamia kamwe. Mwenziwe akamlaumu kwa kuwa alipoingia hakutaja kwamba hayo ni kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu na kwamba hapana nguvu ila Kwake. Mwisho wake mnaujua, alibaki akigeuza viganja vyake kwa kujuta.

Mtu yule hakuwa na kamera. Laiti angalikuwa nayo! Nasi tulio nayo tuangalie tunaandika nini chini ya picha zetu. Kufurahi kwa neema si dhambi. Kuzitangaza ili jirani ambaye mvua ilimkatikia ajisikie mnyonge, hilo ndilo neno la mwenye bustani mbili.

Na kuna jambo linalonishangaza kila mwaka. Mtu hupiga picha ya magunia thelathini ya mahindi, picha ikazunguka kwa shemeji na kwa rafiki, na kila mtu akampongeza. Anapofikiwa na watu wa zaka husema, "Mwaka huu shehe mambo hayakuwa mazuri." Jamani! Picha yako mwenyewe inakushuhudia.

Zaka ya mazao haingoji mwaka upite. Haki yake hutolewa wakati wa mavuno, kama ilivyoamrishwa katika Suratul An'am. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa karibu kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo mia. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi hutolewa katika nafaka zinazoliwa kuwa chakula na kuwekwa akiba, kama mahindi, mpunga, ulezi na maharage, na kila jinsi huhesabiwa peke yake. Mahindi hayajaziwi kwa maharage. Shamba la mvua, kama yalivyo mengi ya kwetu, hutolewa sehemu moja ya kumi. Linalomwagiliwa kwa gharama na taabu, nusu ya hiyo, moja ya ishirini. Mwenye magunia thelathini ya mvua, basi matatu si yake. Ufuta na mboga, katika madhehebu haya, havina zaka ya mavuno, lakini fedha zake zikifika kiwango na kupitiwa na mwaka, zina zaka ya fedha. Wenye maswali waje baada ya Sala, msiulizane njiani.

Na mnapotoa, acheni simu mfukoni. Nimeona picha ya bibi mmoja mjane amepewa debe la mahindi, amesimamishwa katikati ya watu watano wanaocheka, naye ameinamisha uso. Sitasema ilikuwa wapi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na sijui udhia mkubwa kuliko uso wa mnyonge kupelekwa nchi nzima kwa sababu ya debe moja. Vivyo hivyo kina mama wanaopalilia wamejifunga kanga kwa kazi, wasipigwe picha bila idhini yao. Picha ya mimea iwe ya mimea.

Nyinyi msio na mashamba, mnaokaa katika vyumba vya kupanga Tunduma na Vwawa, msidhani khutuba hii imewapita. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Haikutajwa ekari. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, likawekwa nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji na kutobolewa ubavuni, hulisha nyumba mchicha na figiri. Na maji ya kumwagilia yapo, ni ya udhu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Sisi tunafungua bomba mpaka ua unakuwa tope. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni safi kwa mimea, yakingwe kwa beseni yapelekwe kwenye gunia. Watoto wa madrasa yetu wamekwisha kuanza nyuma ya msikiti huu. Kila Ijumaa mmoja wao hupiga picha ya kitalu mahali pale pale alipowekewa jiwe la kusimamia, na katika daftari huandikwa tarehe na kilichotokea. Katika picha ya juma la nne kuku wa imamu ameonekana dhahiri katikati ya mchicha, na imamu amelipa.

Inueni mikono yenu.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiwe Mwoteshaji, nasi tunapanda tu. Tubarikie mahindi yetu na maharage yetu, ulezi wetu na ufuta wetu, na mpunga wa ndugu zetu wa Kamsamba. Tulindie mashamba yetu na viwavi, na maghala yetu na ukungu. Walipe waliouziwa nasi vilivyoharibika nasi tusijue, na utusamehe vile tulivyovijua. Wape wajane na mayatima haki yao mikononi mwetu kabla hawajaiomba. Tuletee mvua ya rehema isiyo ya mafuriko. Wasamehe wazazi wetu waliolima ardhi hii kabla yetu wakalala ndani yake. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mtajeni Mwenyezi Mungu Mtukufu Naye atakutajeni. Inukeni, nyosheni safu, tuswali.